Mkono Ndani ya Kungu

Mimi ni mtu wa Singida, nimekulia nchi kavu. Nilipopangiwa kazi ya afisa kilimo Mbinga, nilikaa karibu mwaka mzima nikilijua Ziwa Nyasa kwa samaki wake tu. Aliyenivuta kwenda kuliona ni jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, Mmatengo aliyezaliwa milimani kwenye kahawa.

"Dada, Jumamosi tushuke Lundo, kule ziwani," aliniambia. "Kuna njia inapita ufukweni, inazunguka mlima upande wa Lipingo, halafu inarudi kwa juu. Ukiimaliza hutanisimulia tena habari za Singida."

Tukalala kwa shangazi yake Lundo, asubuhi tukaanza kutembea. Hakunidanganya. Maji yalikuwa meupe kabisa, unaona mawe ya chini na samaki wadogo wa bluu wakipita katikati yake. Njia ilikuwa nyembamba, mara mchanga, mara majabali ya kupanda kwa mikono. Kitu kimoja tu kilinisumbua: tulipita mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, nyavu zimeanikwa, lakini watu hatukuwaona.

Tulipofika kwenye pembe ya mlima nikaona moshi mweusi umesimama juu ya maji, mrefu kuliko mlima wenyewe, ukija taratibu.

"Nani anachoma moto ziwani?"

"Si moto," alisema mwalimu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ni kungu. Vijidudu vinavyozaliwa majini. Jifunike kichwa, usifungue mdomo, usimame hapohapo."

Sikuwahi hata kumaliza kujifunika kitenge. Mwanga ulififia, ndege wakanyamaza, hata mawimbi sikuyasikia tena. Ulibaki mvumo mdogo tu, kama watu wengi wanaonong'ona pamoja. Vilinijaa masikioni, puani, ndani ya nguo. Nikafumba macho.

Hapo mkono ukanishika.

Nilijua ni mwalimu, nikafuata. Alinivuta kwa uhakika, akikwepa mawe kana kwamba anaona. Njia ikaanza kupanda. Ndipo nilipohisi kiganja kile vizuri. Kilikuwa kigumu, kimepasukapasuka. Mwalimu hana mkono wa namna hiyo. Nilitaka kupiga kelele, lakini niliogopa kufungua mdomo.

Mvumo ulipopungua nikafunua uso. Aliyenishika alikuwa mama mtu mzima, nywele na kope zimejaa vijidudu, wala hakuvipangusa.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alinitazama, akatamka jina la msichana, kisha akaniingiza kwenye nyumba ya tofali iliyokuwa pale mbele. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Juu yake palikuwa na ugali uliokwisha kukauka, na usipa, dagaa wa huko, kwenye kibakuli. Gauni la kike lilining'inia ukutani, limepigwa pasi. Akanikalisha na kuanza kusema nami Kinyasa.

Mwalimu alifika mlangoni akihema. Mama yule hakugeuka kumwangalia.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema umechelewa sana, chakula kimepoa."

"Mwambie amenifananisha."

Mwalimu akajaribu, kwa Kinyasa chake cha kuungaunga. Mama akacheka kidogo, akajibu.

"Anasema tangu utotoni ulikuwa na utani huohuo."

Jirani mmoja, mwanamke aliyekuwa akianika usipa kichanjani, alituona akaja. "Wageni, msiogope," alisema kwa Kiswahili. "Binti yake alipanda mtumbwi kwenda msibani ng'ambo ya ziwa. Hakuonekana yeye wala mtumbwi. Sasa kungu wakifika nchi kavu, mama huyu huingia ndani yao kumchukua."

"Huwa anampata mtu?" nikamuuliza.

"Mara mojamoja. Wanamkimbia. Naye hurudi ufukweni kuita mpaka sauti inakauka."

Mwalimu alinifanyia ishara ya kutoka. Miguu yangu ilitaka kutoka, na bado sijui vizuri kwa nini sikutoka. Nilinawa, nikamega ugali. Wakati nakula, mama alikaa nyuma yangu akinichambua vijidudu kwenye nywele, kimoja kimoja, huku akiguna wimbo wa kubembelezea mtoto. Baadaye mkono wake ukapungua kasi. Alikuwa amelala, ameegemea ukuta, ameshika pindo la kitenge changu. Nikamwachia kitenge, nikatoka taratibu.

"Leo hataita," alisema yule jirani. "Asante, dada."

Tulipanda mlima kurudi kwa njia ya juu, katikati ya mashamba ya mihogo. Jua lilikuwa kali, jasho linatiririka. Mwalimu alitembea mbele bila kugeuka, na yeye ni mtu wa maneno mengi.

"Kuna kitu hukunitafsiria," nikamwambia.

Akasimama. "Ulipokuwa unanawa, alikushika mkono, akauliza mbona bado una baridi hivi, na umeshatoka majini."

Alinisogelea, akanyoosha mkono kunishika wangu, kisha akaurudisha kabla haujanigusa. Tukaendelea kutembea, yeye upande mmoja wa njia na mimi upande wa pili, mpaka tukayaona mabati ya Lundo.