Kimo cha Godoro

Kazi yangu ni kupima hewa. Nikisema hivyo watu hucheka, kwa kuwa hewa ni kitu cha bure na hawaoni kwa nini serikali imlipe mwanamke mzima ili aikimbilie asubuhi. Lakini wanaokaa magharibi ya Goma, kuanzia Katoyi hadi Lac Vert na Mugunga, hawacheki sana. Huko, ndani ya mabonde madogo ya mawe meusi, hutoka ardhini hewa nzito isiyo na rangi, nasi tunaiita mazuku. Hulala chini kama maji. Mbuzi akishuka kufuata majani, harudi.

Ofisi yetu ni tawi la huduma ya taifa inayochunga mazingira. Mwenzangu mmoja anapima mvua, mwingine anasoma kimo cha ziwa kwenye nguzo iliyochorwa namba, wa tatu anafuatilia makorongo ambayo mvua za siku hizi zinayachimba katikati ya mitaa. Mimi nilipewa mazuku. Kila mwezi nina orodha ya mahali pa kupita, na ninapita mapema, kabla jua halijapasha mawe na upepo haujaamka, kwa sababu saa hizo hewa ile bado imejikusanya. Nateremsha apareyi yangu, kile chombo cha kupimia, naandika namba kwenye fishi, karatasi ya vipimo, na panapotisha napaka jiwe rangi nyekundu. Mwisho wa mwezi fishi zinakwenda Kinshasa na mahali pabaya panaingia kwenye ramani. Watoto wa Lac Vert huniita Mama Mazuku. Zamani nilikuwa nawafukuza, sasa nimezoea.

Nyumba ya mama yangu ilikuwa kwenye orodha hiyo. Ni nyumba ya mbao, imejengwa juu ya mawe karibu na ukingo wa bonde mojawapo. Nilifurahi sana ilipoandikwa, maana nilipata sababu ya kikazi ya kwenda kula maharage yake. Maelekezo ya ofisi yanasema kwamba ndani ya nyumba tupime pale watu wanapovutia hewa. Basi mimi nilikuwa nasimama katikati ya chumba, apareyi ikining'inia kifuani, tukipiga soga, naangalia namba, naandika: nzuri. Mwezi baada ya mwezi niliandika nzuri, kisha nikaomba sahani.

Baba alipofariki, mama alilala chini kama inavyotakiwa. Godoro lilishushwa sakafuni, mashangazi na majirani wakatandika mikeka kando yake, wakalia pamoja naye. Siku ya kumaliza kilio walikunja mikeka, wakafagia, wakaenda makwao. Mama alitakiwa arudi kitandani. Hakurudi. Kitanda kile alikitengeneza baba mwenyewe, alikuwa seremala, na alikiinua juu kuliko vitanda vya watu ili apate nafasi ya kuficha mbao zake nzuri chini. Mama alikinunulia godoro jingine, akalitandika shuka safi, akakiacha hivyo. Yeye akaendelea kulala sakafuni, pembeni yake. Sisi watoto wake tuliona. Mimi nilinyamaza kuliko wote, kwa sababu kila nilipotaka kulisema jambo hilo nililia kabla ya neno la kwanza.

Sasa, mama ni mtu wa sala. Huamka kabla hapajakucha, anawasha mshumaa, anausimamisha sakafuni upande wa kichwa chake, anasali. Siku moja nilimkuta amekasirika.

"Batu ya soko banatuiba," alisema. "Buji ya siku hizi haiwake. Naweka hapa chini, inazimika. Naweka ku meza, inawaka muzuri. Sasa ni buji gani inaogopa chini?"

Mimi, Mama Mazuku, mwenye diploma na koti la serikali, nilikasirika pamoja naye. Nilimtafuta muuzaji wa mishumaa ile, nikamgombeza mbele ya wateja wake mpaka akaniuliza kama nimelala vibaya. Kisha nikaenda mjini nikamnunulia mama pakiti ya mishumaa minene, ya bei. Nilijiona mtoto mwema kupita kiasi.

Wiki mbili baadaye nilirudi. "Na hii yako ni ya uongo," mama aliniambia, akinipakulia. Halafu akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba asubuhi kichwa kinakuwa kizito na miguu inakataa kumbeba. Nilimwambia anywe maji mengi. Nilikuwa natafuna.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Mugunga, nikiwafundisha akina mama wanaokata majani ya mifugo. Ni somo ninalolitoa kila mara. Nilifunga mshumaa kwenye waya mrefu, nikauwasha, nikaanza kuushusha bondeni polepole ili wote waone. "Muangalie," niliwaambia. "Bamama, kama moto inazimika chini, hata mutu asishuke." Moto ukazimika. Nami nikabaki nimeshika waya, nikiukumbuka mshumaa wa mama. Mama mmoja akaniuliza kama ninaumwa. Nilimpa mwenzangu wa ofisi niliyekuja naye ule waya, nikakimbilia barabarani kutafuta pikipiki.

Njia nzima nilimtukana dereva kwamba anakwenda polepole, maskini, na alikuwa anakimbia. Nilijua kabisa nilichokuwa nakiogopa: kwamba nitafika nimkute mama kwenye godoro, na kwamba kwenye fishi yangu nyumba ile ni nzuri.

Nilimkuta nje anafagia. Nilipita mbele yake bila hata salamu, nikaingia chumbani, nikapiga magoti, nikaweka apareyi sakafuni pale mshumaa unaposimama. Ikapiga kelele na taa nyekundu ikawaka. Nikaiweka juu ya godoro. Ikaendelea. Nikaiweka juu ya mto. Namba ikashuka, lakini taa ilibaki nyekundu. Nikasimama, nikaipandisha hadi gotini, hadi kiunoni, na pale ilinyamaza. Kifuani namba ilikuwa ile ile ninayoiandika kila mwezi. Kilichokuwa kinamtenga mama yangu na kifo, asubuhi zote zile, kilikuwa unene wa godoro moja na mto.

"Weye unaingia kwa nyumba ya batu bila kusema jambo?" mama aliuliza mlangoni, fagio mkononi.

"Mama, haulale tena chini!" Nilikuwa napiga kelele kuliko apareyi. "Ni mazuku! Iko inatoka mu sakafu. Haulale tena chini, hata leo!"

"Nilale wapi?"

"Kitanda si iko?"

"Ile ni kitanda ya papa yako."

"Papa alikufa, mama!"

Hakuna mtu aliyekuwa amesema hivyo ndani ya nyumba ile. Tulikuwa tunasema ametuacha, amepumzika, Mungu amemwita. Mama aliegemea mlango na uso wake ukawa mdogo. Ningeweza kujipiga kofi.

Nilijitia kazi ili nisimtazame. Nilifungua madirisha yote mawili, nikamweleza kwamba nitaleta mtu atoboe mbao chini kabisa, hewa ipate pa kutokea, lakini hilo peke yake halitoshi. Nilimwomba aje kwangu. Alisema ana nyumba. Nilisema tununue kitanda kingine. Akafagia kizingiti. Nilisema tukigeuze kile cha baba, kichwa kiangalie dirisha. Alitikisa kichwa. Mwisho nikamuuliza kwa upole, kama nilivyopaswa kumuuliza tangu siku ile mikeka ilipokunjwa, ni nini kinachomzuia.

Aliongea bila kunitazama. "Huku chini, naweza kuwaza eko kule juu, analala. Nasali, nasikia kama eko. Nikipanda, nitaona hayuko."

Sikuwa na namba ya kumwonyesha. Nilisimama katikati ya chumba na koti langu la serikali nikalia waziwazi, kwa kelele, makamasi na yote, jinsi ambavyo sikulia makaburini. Nililia kwa ajili ya baba, na nililia kwa hofu ya kubaki bila hata huyu mmoja. Mama aliweka fagio chini, akanitazama. Nadhani ndipo alipoona kwamba na mimi nilifiwa.

"Basi panda weye kwanza," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kwetu mtoto hakai juu ya kitanda cha wazazi. Nina zaidi ya miaka arobaini na sikuwahi kukigusa kile hata kwa goti, zaidi ya siku tulipomtoa baba. Nilimwambia haiwezekani.

"Panda. Ni mimi mwenye kukuambia."

Nilivua viatu vya kazi, nikavua koti, nikaiweka apareyi upande wa kichwani. Nikapanda upande wa ukutani, upande wa baba, nikalala chali nikiwa nimekakamaa, natazama mabati. Mama alisimama. Aliweka mkono mmoja juu ya shuka, akauondoa, akauweka tena. Kisha akapanda, akilalamika kwamba mtu yule alitengeneza kitanda cha twiga. Alilala kando yangu. Nilisikia anapumua kama mtu aliyetoka mtoni na ndoo kichwani.

"Sogea," alisema baadaye. "Papa yako hakukuwa anachukua nafasi yote hii."

Nikasogea. Alilia kidogo, bila sauti, na mimi nilimpangusa kwa ncha ya kitenge chake mwenyewe. Kisha akasinzia, pale pale, jua likiwa limeshapanda na majirani wakiitana nje. Kwa muda gani alikuwa hajalala vizuri, sijui.

Nilinyoosha mkono nikachukua apareyi, nikaishika karibu kabisa na mdomo wake. Ilikaa kimya. Nilisoma namba mara tatu, nikaiandika kwenye fishi, na pembeni nikaandika: kitandani, pale mama anapovutia hewa. Nilipotaka kuinuka, mkono wake ulipapasa shuka katika usingizi, ukanikuta, ukatulia. Ofisini walinisubiri hadi saa sita. Sikwenda.