Ta Ildefons na Ndege Iitwayo Njoo Kesho

Ta Ildefons Rutaihwa alifanya kazi ya kuonja kahawa miaka thelathini na moja. Mkulima wa Maruku au Kashozi alileta gunia, yeye akakoroga kijiko kimoja, akavuta kwa sauti kama bomba lenye pancha, akatema, akatamka daraja. Hakukuwa na rufaa. Alipostaafu na kurudi kwake Muleba, ulimi ulikataa kustaafu. Kahawa zikiwa hazipo, ukahamia kwenye ndege.

Maana chama cha wakulima kilikuwa kikimpeleka mikutanoni, Moshi na Dar es Salaam, na mwili wake umeonja kila kitu kilichowahi kuruka kutoka uwanja wa Bukoba. Kile kidege cha zamani ambacho abiria walikaa magoti yakigusa kidevu, kikirukaruka juu ya ziwa tangu mwanzo hadi mwisho, alikiita Kikapu cha Senene, wale panzi wetu wa kukaanga. Kampuni iliyokuja baadaye, iliyowafikisha abiria Dar na masanduku yao Mtwara, akaiita Mzigo Unafuata. Nyingine ikagawa karanga. Ta Ildefons akazihesabu mbele ya mhudumu, zikawa kumi na moja, na tangu siku hiyo kampuni ile ikaitwa Timu ya Mpira. Ilipofilisika alisikitika kwelikweli. Alisema timu imeshuka daraja kabla hajapewa mchezaji wa akiba.

Majina hayo hayakubaki mdomoni mwake. Utasikia mama wa Kashozi anamuuliza mwanawe kwenye simu, "Unakuja na Kikapu au na Timu?" na mtoto anajibu bila kucheka.

Kisha ikaja Lweru Air. Ndege mpya, mabawa ya kijani, na sera moja kuu: safari ya leo ni pendekezo. Ta Ildefons alipewa tiketi ya Jumatatu, akasafiri Jumatano. Aliporudi akatangaza daraja pale stendi ya Muleba, mbele ya wauza ndizi: "Hii inaitwa Njoo Kesho."

Sasa, meneja wa Lweru Air pale Bukoba ni bwana mmoja anaitwa Kahangwa. Ukisema meneja usifikirie jengo. Ofisi ni yeye, mizani, na stepla. Lakini tai anafunga kila siku, na jina lile lilimwasha kama upupu. Abiria walikuwa wanafika kaunta na kusema, "Shikamoo, tiketi ya Njoo Kesho bei gani?" Yeye anajibu bei, na moyo unavuja.

Mungu naye ana vituko vyake. Mtoto wa Kahangwa, Wilbert, akampenda Edvina, kitinda mimba wa Ta Ildefons. Washenga wakatumwa, wakakubaliwa, siku ya kupokea posa ikapangwa: Jumamosi, saa sita mchana, nyumbani kwa binti, Muleba.

Hapo ndipo ujue utaratibu wa kwetu. Upande wa muoaji huleta kibuyu cha olubisi, pombe ya ndizi, na baba wa binti ndiye anayeonja wa kwanza. Akishavuta mrija na kukubali, posa imepokelewa. Akiwa hayupo, anakaa ndugu yake. Na ndugu wa Ta Ildefons ni Rutashobya, mdogo wake, ambaye tangu utotoni anasubiri kukaa kwenye kiti chochote ambacho kaka yake amenyanyuka.

Tatizo ni kwamba wiki ile ile Ta Ildefons alikuwa Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho.

"Panda basi Alhamisi," Rutashobya akamwambia kwa simu, sauti imejaa huruma ya bandia. "Basi linapita hapo hapo mlangoni kwako. Ndege itakupeleka Bukoba, halafu urudi nyuma hadi Muleba. Kuna akili hapo?"

"Baba wa binti hashuki kwenye basi na vumbi hadi kwenye nyusi," akajibu Ta Ildefons. "Anashuka kwenye ndege."

Akili haikuwepo, ni kweli. Lakini nionyeshe Mhaya aliyewahi kuchagua kufika kimyakimya wakati kuna njia ya kufika akionekana.

Kahangwa aliposikia, akapiga simu mwenyewe. "Waitu, mzee wetu, tiketi ni zawadi yangu. Ijumaa saa nne asubuhi uko angani, saa nane uko Bukoba. Lakini ukifika kwa wakati, Jumamosi mbele ya watu ulifute lile jina."

"Nisipofika?"

"Haiwezekani usifike."

"Nimeuliza nisipofika."

"Utasema wewe mwenyewe adhabu," Kahangwa akajibu, kwa ujasiri wa mtu aliyesahau anafanya kazi wapi.

Ijumaa saa nne Ta Ildefons alikuwa uwanjani Dar, miwani myeusi ya hospitali usoni, suti mpya ya posa ndani ya sanduku, na sanduku limeshamezwa na kaunta. Tangazo likatoka: safari imesogezwa hadi saa nane, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Ta Ildefons alilipenda sana neno hilo. Alimgeukia jirani yake, mwalimu mmoja wa Kashozi, akamwambia, "Umesikia? Usumbufu haukuletwa na mtu. Umejitokeza wenyewe, kama uyoga."

Saa tisa wakapanda. Mhudumu akagawa maji, chupa moja kwa viti viwili, akaeleza kwamba ni kwa ajili ya mazingira. Mwanza wakashushwa. Tangazo jingine: Bukoba hali ya hewa ni mbaya, uwanja hauonekani.

Yule mwalimu akampigia mke wake. "Huko mvua ikoje?"

"Mvua gani?" mke akauliza kwa sauti iliyosikika viti vitatu. "Nimeanika kahawa uani tangu asubuhi, jua linachoma. Wewe uko wapi? Na uko na nani?"

Mwalimu akapata kesi ya pili. Ta Ildefons akachukua simu akamtetea, kisha akaenda kumwuliza kijana wa kaunta inakuwaje kahawa ya Kashozi inakauka kwenye mvua. Kijana akamjibu kwa heshima zote kwamba hali ya hewa ya kampuni na hali ya hewa ya kawaida ni vitu viwili tofauti.

Wakati huo, uwanja wa Bukoba, ukoo mzima ulikuwa umekaa. Mke wa Ta Ildefons, Ma Annastella, alikuwa amekodi Noah mbili na wapiga ngoma wanne, waje kumpokea mzee aliyefunguliwa jicho. Kahangwa akawapa viti, akawapa chai, akawaambia "inakuja" mara saba. Jioni wakarudi Muleba na ngoma zao, na ngozi za ngoma zikiwa hazijaguswa.

Jumamosi alfajiri Ta Ildefons alifika uwanja wa Mwanza kama walivyoambiwa. Akakuta karatasi imebandikwa: ndege inasubiri kipuri, abiria wafike tena saa nne.

Akaisoma mara mbili, maana jicho lilikuwa jipya na hakutaka kulisingizia. Akaomba sanduku lake. Akaambiwa sanduku liko ndani ya ndege, na mwenye ufunguo wa ndege hajafika. Akakaa kwenye benchi. Akampigia simu Ma Annastella, akasema, "Mama Edvina, mwanangu atapokelewa posa na Rutashobya."

"Mabasi yamekwisha Mwanza?" Ma Annastella akauliza.

"Annastella..."

"Nimeuliza kuhusu mabasi, sijauliza kuhusu majivuno."

Saa kumi na mbili na nusu alikuwa kwenye basi, kiti cha nyuma kabisa, katikati ya mama mwenye mitumba na mzee mwenye jogoo. Basi, chombo kile cha watu wasio na hadhi, liliondoka kwa wakati. Likavuka daraja, likapita Sengerema, Geita, Biharamulo. Konda akauza karanga, mfuko uliojaa. Ta Ildefons akaanza kuzihesabu kwa mazoea, akafika sitini, akaacha kwa aibu.

Muleba, saa tano na nusu, wakwe walishaketi. Kahangwa na tai yake alikuwa mstari wa mbele, simu mkononi, akiuliza Mwanza kila dakika tano na kujibiwa kwamba usumbufu unashughulikiwa. Edvina alikuwa chumbani, anachungulia dirishani kuelekea barabara ya Bukoba, upande ambao baba alitakiwa atokee. Saa sita ikafika. Saa sita na robo. Mshenga akakohoa.

"Muda ni muda," akasema Rutashobya, akakaa kwenye kiti cha kaka yake, akajaribu mto kwa makalio, akausogeza mrija karibu. "Kaka yangu yuko angani. Sisi wa ardhini tuendelee."

Akainama. Ndipo basi la Mwanza likapiga honi barabarani, likasimama, na akashuka mtu mwenye miwani myeusi, vumbi hadi kwenye nyusi, manyoya mawili ya jogoo begani. Kwenye mfuko wa mbele wa shati, boding pasi ya Lweru Air imechomoza, kama leso ya bwana harusi. Edvina akapiga yowe kutoka dirishani. Wapiga ngoma, waliolipwa tangu jana bila kazi, wakaanza kupiga kama waliokuwa wakidaiwa.

Ta Ildefons alivuka uwanja polepole. "Mdogo wangu," akasema, "asante kwa kunipashia kiti moto."

Rutashobya akanyanyuka, na midomo yake bado imekaa mkao wa mrija.

"Wazee," Ta Ildefons akaendelea akiwa ameshakaa, "kwetu muoaji akichelewa anatozwa mbuzi. Je, muoaji akimchelewesha mwenye nyumba?"

Wazee wakatazamana. Kesi hiyo haikuwahi kutokea. Babu zetu hawakuwa na shirika la ndege.

"Tulikubaliana adhabu nitaje mimi," akasema. "Sitaki mbuzi. Mkwe mwenzangu asimame, aombe binti upya, ajitambulishe jina, kazi, na chombo anachokisimamia. Kwa jina la chombo lile linalojulikana."

Kahangwa akasimama. Akairekebisha tai. Akamtazama mwanawe, na Wilbert akamtazama kwa macho ya mtu anayekaribia kuoa au kutokuoa kwa sababu ya neno moja la baba yake.

"Mimi ni Kahangwa," akasema. "Meneja wa kituo. Wa..." Akalegeza tai. "Wa Njoo Kesho."

Vigelegele vilivyofuata vilisikika hadi sokoni. Mwenye kucheka zaidi ya wote, baada ya muda kidogo, alikuwa Kahangwa mwenyewe. Inaonekana lile neno lilikuwa limemkaa kooni miaka miwili.

Ta Ildefons akavuta mrija kwa sauti ile ya pancha, akafumba macho yote mawili, jipya na la zamani. "Daraja la kwanza," akatamka. "Nazungumzia pombe."

Sanduku lilifika Jumanne. Kahangwa alilileta mwenyewe, kilomita sabini kutoka Bukoba, akashuka nalo kwenye basi mbele ya nyumba, tai imepinda. Ta Ildefons akamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, heshima ya mgeni kwetu, akamwekea kiti.

"Kaa, mkwe mwenzangu," akamwambia. "Umechelewa siku nne tu. Mnajitahidi."