Maman Clothilde Ajifunza Kuuliza

Kule Uvira, Kongo, Maman Clothilde alikuwa mkuu wa shule ya msingi, na mpaka leo akiingia kanisani hapa Garland, Texas, watoto hunyoosha migongo bila kuambiwa. Siku hizi anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawachekesha. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, atakwambia ni mwalimu.

Kwa hiyo shule ya wajukuu wake ilipotafuta mtu wa kujitolea kwenye bodi, binti yake Rosette alipeleka jina la mama yake kabla hata ya kumuuliza. Ni shule ndogo ya umma yenye bodi yake yenyewe, na wanafunzi wengi ni watoto wa familia zilizokuja kama wakimbizi. Clothilde alifurahi mno, akashonesha kitenge kipya.

Wiki ya kwanza aliingia jikoni akawafundisha wapishi kupunguza chumvi. Wiki ya pili akasimama nyuma ya darasa, na somo likiwa katikati akamwambia mwalimu aandike herufi kubwa zaidi. Siku hiyohiyo mkuu wa shule, Mwalimu Shiru, Mkenya ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake, alimwita ofisini akamkaribisha chai.

"Maman Clothilde, ninakuheshimu sana," Shiru alisema. "Lakini wewe ni mjumbe wa bodi. Bodi inanisimamia mimi, na mimi ndiye ninasimamia walimu."

"Na nikiona kosa?"

"Uniulize mimi, kwenye mkutano."

"Nikuulize tu? Nisiseme la kufanya?"

Shiru akacheka. Akamweleza kwamba kuna mafunzo ya wajumbe wa bodi: masomo kwa kompyuta kila Jumamosi, kisha mtihani Houston, na anayefaulu hupata cheti.

Clothilde alijiandikisha kwa hasira. "Nimeongoza shule huyu mtoto hajazaliwa," alimwambia mumewe, Nathanaël. Hata hivyo Jumamosi ilipofika alikaa mbele ya kompyuta amevaa kana kwamba anakwenda harusini. Mkufunzi alikuwa Cherotich, mama mmoja wa mji wa Katy, mpole wa sauti lakini hapitishi kitu.

"Mjumbe mzuri anauliza swali," Cherotich aliwaambia, "halafu ananyamaza asikie jibu."

Kwa Clothilde, kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu.

Nathanaël akajitolea kumsaidia. Akirudi kutoka kiwandani anakaa mezani, anajifanya mkuu wa shule, na mkewe anamhoji.

"Mkuu, ripoti yako inasema sufuria ni safi. Umejuaje?"

"Nimeziosha mwenyewe, mheshimiwa."

"Basi rudi uoshe ile nyeusi!"

"Mama Rosette, hilo ni swali au ni amri?"

Wajukuu waliupenda mchezo huo, wakadai kwa Kiingereza chao nao wahojiwe.

Siku ya mtihani Nathanaël alimpeleka Houston kwa gari. Ulikuwa mkutano wa kuigiza: mtu anayecheza mkuu wa shule alisoma ripoti kwamba basi la watoto linazunguka mno. Clothilde alivumilia kidogo, kisha akapiga meza. "Kesho basi liondoke mapema, na dereva apewe barua!"

Cherotich akaweka kalamu chini. "Maman, umeshamwondoa mkuu kwenye kiti chake, umekaa wewe."

Akashindwa. Wakiwa njiani kurudi, Nathanaël alisimama katika mji wa Corsicana kununua kuku wa kukaanga na mchuzi. Alimpa mkewe paja, akamtazama kwa adabu kubwa. "Mheshimiwa, una mpango gani wa kurudia mtihani?"

Clothilde alitaka kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka mchuzi ukamwagikia kitenge.

Aliporudi Houston, ripoti ilikuwa ya watoto walioshuka katika kusoma. "Walimu wao wanasema sababu ni nini?" aliuliza. Aliyecheza mkuu hakujibu. Alikuwa ameagizwa akae kimya makusudi. Clothilde akaikalia mikono yake yote miwili. Akangoja, na jibu likaja, akauliza la pili. Mkutano ulipokwisha, Cherotich alizunguka meza kuja kumkumbatia.

Kwenye mkutano wa bodi uliofuata, Garland, jambo lilikuwa watoto wanaochelewa asubuhi. Wajumbe wengine walitaka adhabu. Clothilde alilikunja daftari lake; moyoni alikuwa ameshawafungia geti.

"Mwalimu Shiru," akasema, "wanaochelewa ni akina nani?"

Shiru alikiri kwamba hajui, akaahidi kuchunguza. Mwezi uliofuata alileta jibu: karibu wote wanakaa katika majengo mamoja, na wazazi wao hufanya zamu ya usiku kwenye maghala, hutoka asubuhi na kukwama barabarani. Tayari alikuwa amezungumza na kina mama wawili wa pale wasiofanya kazi asubuhi, nao wamekubali kuwasindikiza watoto kwa miguu.

"Mimi ningefunga geti," Clothilde alimnong'oneza wakitoka.

"Najua," Shiru alisema. "Nilikuona ulivyolikunja daftari."

Wakacheka wote wawili kwenye korido. Jumapili iliyofuata, Parfait, jirani yake Rosette, alimfuata Clothilde nje ya kanisa akisema naye anatamani kuingia kwenye bodi. Clothilde akamshika mkono, wakakaa kwenye benchi.

"Kwa nini unataka?" akamuuliza, akanyamaza amsikilize.