Walimvua Binti Yangu Hogo Madhabahuni, Sasa Wanataka Nikatubu

Admin, nifichie jina langu na la kanisa, huku mtaani Cheyo tunajuana. Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa, nina binti mmoja wa miaka minane, nimuite Kabula. Mnisamehe nikiandika kwa hasira. Mdomo wangu hata siku za kawaida hauna breki.

Mume wangu anafuata asali Ipole na kuuza hapa mjini. Likizo iliyopita alimpakia Kabula kwenye pikipiki pamoja na madumu ya asali, wakateleza kwenye mchanga, mtoto akavunjika mguu chini ya goti. Hospitali wakamfunga hogo, lile plasta gumu, wakasema tusiliguse mpaka watakapolitoa wao. Tangu hapo mume wangu hakuwa mtu tena. Akimsikia Kabula analia, anatoka anakwenda kukaa uani peke yake. Sikumlaumu hata mara moja, nawaapia, ila mwenyewe alijilaumu vya kutosha.

Ndipo akaja mwinjilisti wa kuponya. Mimi nimezaliwa kanisani, nasali na kufunga, na sikatai kwamba Mungu anaponya. Ila yule sikumwamini tangu mlangoni. Mama mmoja wa kamati alitukalisha pembeni, akatuuliza kwa upole mtoto kaumiaje, mume wangu akamweleza yote. Baadaye mtumishi huyo akashika maiki, akafumba macho, akasema anaonyeshwa baba aliyemwangusha mwanawe njiani. Mume wangu akapiga magoti, analia. Nikamnong'oneza kwamba si tumewaambia wenyewe sasa hivi. Akanitazama utadhani nimemtukania mama yake.

Mtumishi akasema mfupa umeshaunga, hogo ni kutokuamini tu. Mkasi wa kukatia mabati ulikuwa tayari mezani, chini ya kitambaa cheupe. Mtumishi akamkabidhi mume wangu. Nilipomrukia kumzuia, wahudumu wawili wakanikaba, mmoja akanikunja mkono mgongoni mpaka bega likalia. Mume wangu akalikata hogo kwa mikono yake mwenyewe. Kabula analia kwamba anaumia. Mtumishi akamwinamia, akamwambia, "Sema siumwi. Ukisema unaumwa, shetani anarudi." Mtoto akasema haumwi. Wakamsimamisha, wakamwachia.

Ndugu zangu, ule mlio wa mguu kuvunjika ulitoka kwenye spika, maana maiki ilikuwa karibu naye. Mfupa ukatoboa ngozi. Kinanda kikaongezwa sauti, watu wakaendelea kuimba, na mtumishi anasema pepo anatoka. Sikumbuki vizuri nilivyojinasua, najua tu nilimng'ata mhudumu mmoja mpaka nikaonja damu. Nikanyakua stendi ya maiki, ya chuma, nikamtandika nayo mtumishi mdomoni. Akaanguka, meno yakamtoka. Nikainua tena nikamshindilia begani. Mume wangu akanipiga ngumi ya sikio, nikaangukia kwenye damu ya mwanangu, na hadi leo sikio hilo linavuma. Sijutii. Ningepata nafasi ningeongeza.

Sasa Kabula kalazwa, kawekewa vyuma, na daktari hawezi kuahidi kwamba atatembea bila kuchechemea. Mimi nina kesi ya kujeruhi, niko nje kwa dhamana. Juzi mama mkwe alikuja na wazee wa kanisa, nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Wakasema mtumishi atalegeza kesi, sharti Jumapili nisimame mbele ya watu niseme mguu ulivunjika kwa sababu ya kutokuamini kwangu. Mume wangu naye kaniomba, tena kwa magoti. Namwelewa. Nikisema ni mimi, haitakuwa yeye. Nikikataa nikafungwa, mtoto anabaki kwake, na yeye mpaka leo anampigia mtumishi simu amwombee.

Nilishakaribia kukubali. Nilijiambia nitamung'unya hayo maneno, nirudi nilee mwanangu, basi.

Jana nikiwa namnywesha uji wodini, Kabula akaniuliza, "Mama, mguu ulivunjika kwa sababu nilisema naumia?"

Nikamwambia hapana, nani kasema. Akasema baba yake kamwambia kuna mtu hakuamini. Halafu akaniuliza, "Ni mimi, eti?"

Muuguzi akaniita pembeni, akaniambia mtoto huyu anawatia hofu. Wakimsafisha kidonda anauma shuka mpaka meno yanasagana, wakimuuliza anasema haumwi. Hawajui wampe dawa kiasi gani, maana hasemi.

Nikisimama Jumapili nikasema ni kutokuamini, atasikia, na ataendelea kuuma shuka. Nisiposimama, naenda jela, naye anabaki na watu waliomfundisha kusema haumwi. Nyie wenye watoto, niambieni bila kunionea haya, Jumapili ni keshokutwa: niende kanisani, au nibaki wodini nisubiri kesi?