Mbichi, Tena ya Pili

Siku hizi wajukuu wangu hunikalisha mbele ya televisheni nitazame vijana wakishindana kuimba. Kuna majaji watatu kwenye viti vinavyong'aa. Mmoja analia, mmoja anacheka, wa tatu anatengeneza nywele. Kijana akimaliza kuimba wanamwambia kwamba amewagusa moyo, kisha wanampa pointi za kumrudisha kwao. Wajukuu nao wanatoa za kwao kwa kelele, halafu wananigeukia.

"Bibi, we unapana ngapi?"

Mimi husema nne, hata kama sikuwa nasikiliza. Nne haimuui mtu wala haimvimbishi kichwa. Wanasema nina roho ngumu, na wanadhani mchezo huu umeletwa na televisheni. Hawajui kwamba hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, tulikuwa tukitoa pointi tangu miaka ya hamsini, kabla hatujasikia hata jina la televisheni, na tulikuwa wakali kuliko hao wa viti vya kung'aa.

Ugonjwa huo tuliletewa na gari la redio. Lilitoka Bukavu wakati wa soko la pamba. Karani wetu, ambaye alivaa tai hata jua likiwaka, akapita nyumba kwa nyumba kutangaza. Bwana wa redio amekuja na mashine ya kukamata sauti. Watu wataimba mbele ya ghala la pamba, majaji watatoa pointi, na walio bora watasikika Jumapili, Bukavu yote mpaka huko kwenye migodi. Neno "migodi" alilitaja kwa kupita tu. Mama alikuwa anapepeta mchele, na ungo ukasimama.

Kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, alikuwa Kamituga akichimba dhahabu. Yeye na Mama waliachana vibaya. Baba alikwisha kufariki, na siku kaka alipokuja kuaga, Mama, badala ya kumwombea dua, alimwambia mbele ya majirani wote: "We ungali mubichi. Kule watakurudisha ndani ya gunia."

Sasa ieleweke kwamba mbichi lilikuwa neno la Mama, kama wengine walivyo na tumbaku. Bibi harusi aliyecheka sana alikuwa mbichi. Karani na tai yake alikuwa mbichi. Mimi, niliyekuwa msichana wa kuposwa, nilikuwa mbichi kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Sisi wengine tulilizoea. Lakini siku ile kaka alilichukua neno lile kama tusi, akabeba mzigo wake, akapanda barabara ya Fizi bila kugeuka. Tangu hapo hakuleta salamu. Vijana wa nyumba nyingine walirudi na mablanketi na habari, na wa kwetu hakuna aliyemwona. Mama hakulia mbele yetu. Alianza tu kutunga wimbo, akauimba kila jioni akisonga ugali:

"Weye wa kupanda kule milimani, shuka, ugali inapoa."

Karani alipoondoka siku ile, Mama aliniita karibu.

"Kule kambini iko redio," alisema. "Akisikia sauti yangu na wimbo wake, atajua mi nilishamaliza kukasirika. Atarudi."

Ndiyo sababu mama yangu, mwanamke wa heshima ambaye hakuwahi kuimba nje ya harusi na mbele ya bamama wenzake, alivaa kikwembe chake kizuri akaenda kusimama mbele ya wanaume, wazungu na magunia ya pamba.

Majaji walikuwa watatu, wote mabingwa wakubwa wa muziki. Wa kwanza alikuwa bwana mkubwa wa serikali kule Fizi, aliyeteremka mlimani pamoja na kiti chake. Ujuzi wake ulikuwa kodi. Wa pili alikuwa padri, ambaye ndiye aliyeifundisha kwaya iliyokuja kushindana, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kusema kwamba hafahamu kazi yake. Wa tatu alikuwa bwana agronomi, yaani mzungu wa pamba. Huyo tulimjua sana. Siku ya soko alitumbukiza mkono katika kikapu chako, akavuta pamba, akaitazama, akasema mbele ya watu wote: "Ya kwanza," au "Ya pili." Ya kwanza ilikuwa nyeupe na safi. Ya pili ilikuwa na majani, madoa na uchafu wa nyumba yako. Mwanamke aliyeambiwa ya pili alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, na jioni hakuenda kuteka maji na wenzake. Kwetu hiyo haikuwa hesabu, ilikuwa aibu.

Karani akatueleza kwamba kila wimbo utapewa pointi juu ya kumi, kama shuleni. Mpaka siku ile hatukujua kwamba wimbo una kumi.

Waliotangulia ni wavuvi wa Ubwari, na wimbo wao wa kupiga kasia. Waliimba vizuri sana, ila bwana agronomi alilalamika kwamba wananuka samaki, jambo ambalo bila shaka lingesikika vibaya redioni. Wakapewa tano. Walifuata watu wa Lubondja na ngoma. Mashine iliogopa ngoma. Bwana wa redio, kijana mwekundu aliyevaa vitu masikioni, akawaomba wasogee nyuma kidogo, kisha nyuma tena, mpaka wakawa wanapiga ngoma nyuma ya ghala ambako hatukuwaona kabisa. Wakapewa sita, nadhani kwa ajili ya mwendo. Halafu ikaja kwaya ya padri, ikaimba Kilatini. Bwana mkubwa aliamka kwenye "amina," akapiga makofi, na padri, bila upendeleo wowote, akawapa tisa.

"Tatu!" ilisema sauti nyuma yangu. Alikuwa jirani yetu, muuza ndagala, yaani dagaa wa ziwa, mwanamke mnene ambaye hakuombwa pointi na mtu. "Banaimba na pua. Tatu, na mi nimebahurumia."

Watu wakacheka, na kuanzia hapo kila mmoja akawa jaji.

Kisha Mama akasimama. Hakuwa na ngoma wala mwenzake. Alifumba macho akaanza, "Weye wa kupanda kule milimani," na mimi niliyekuwa nimechoshwa na wimbo ule kila jioni nilijikuta naufuata kwa midomo. Watu walinyamaza. Hata muuza ndagala alinyamaza, na hilo halikuwa limetokea tangu azaliwe. Kumbe wakati wote huo bwana wa redio alikuwa bado anahangaika na nyaya. Mashine haikukamata hata neno moja. Mama alipomaliza, kijana yule aliruka kutoka kwenye kiti, uso umemwiva kwa furaha, akawasha mashine, magurudumu yakaanza kuzunguka, akapiga makofi na kupaza sauti:

"Bis! Bis!"

Sisi sote tulisikia sawasawa: bichi, bichi.

Mama alifumbua macho. Neno lake mwenyewe, alilowagawia watu maisha yake yote, leo amerudishiwa na mzungu mbele ya Baraka nzima. Karani aliona hatari, akakimbilia mbele, tai imemwangukia begani, akamweleza kwa sauti kubwa ili jambo liishe:

"Hapana, mama! Anaomba ya pili! Ya pili!"

Mbichi, tena ya pili, kama pamba iliyokokotwa kwenye vumbi. Na bwana agronomi ameketi pale pale, mikono juu ya magoti.

"Mubichi ni weye!" Mama alisema, na kidole chake kikaenda mpaka karibu na pua ya bwana wa redio. "Mi naimba maharusi hapa Baraka tangu we uko unanyonya! Ya pili ni nani? Ya pili kwa hawa ba pua? We, hata jua haijakuivisha, angalia, uko mwekundu nje, ndani ungali maji! Enda kwenu Bulaya, wakupike tena!"

Mengine yalihusu mama wa bwana wa redio na jinsi anavyopika. Alipomaliza alipiga teke kikapu kilichokuwa njiani, akaondoka, na mimi nikamfuata mbio. Nilisikia baadaye kwamba bwana mkubwa aliuliza kama wimbo ule ulikuwa wa kupinga kodi.

Nyumbani Mama aliketi chini na kikwembe chake kizuri bila hata kukivua.

"Sasa atanisikia wapi?" alisema.

Nilimkasirikia na nilimhurumia kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na lipi. Nikaenda kuchochea moto.

Jumapili karani aliweka redio yake dirishani, na mtaa mzima ukajaa uani kwake kusikiliza na kutoa pointi. Kwaya ilipoimba, muuza ndagala aliishusha kutoka tatu hadi mbili, kwa sababu redio ilizidisha pua. Mama hakutaka kuja, lakini alikuja, akakaa nyuma karibu na choo. Halafu mtangazaji wa Bukavu akasoma karatasi aliyopewa na mabwana zake, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba karatasi si yake:

"Na sasa, mashairi ya kienyeji ya wanawake wa ziwa."

Ikaja sauti ya Mama: "Mubichi ni weye!"

Yote yalikuwemo, pua na Bulaya, na upishi wa mama wa bwana wa redio. Hata teke la kikapu lilisikika vizuri sana. Uani palilipuka. Watu walishikana mabega wasianguke.

"Kumi!" alilia muuza ndagala, machozi yanamtoka. "Kumi juu ya kumi, bibi! Hii ndiyo kuimba!"

Mama alijifunika kichwa na kikwembe. "Nimekufa," alisema. "Mutoto wangu ataona ningali natukana tu." Tangu siku ile hakuimba tena, si harusini, si jikoni. Alisonga ugali kimya, na karani akipita kumweleza kwamba mama, bis ni neno la heshima, mama, alimwonyesha mwiko. Nani angemsikiliza mtu aliyemtangazia ya pili mbele ya ghala? Mtaa nao uliendelea na ugonjwa wake. Tulizipa pointi hotuba, posa, mboga, hata vilio vya msibani. Ugali wa Mama, uliosongwa bila wimbo, ulikuwa unashuka pointi kila siku, ila huo tuliuhesabu kimoyomoyo.

Mvua zilipokatika, kaka alishuka kwenye kamyo, lile lori la pamba. Ilikuwa alasiri, na Mama alikuwa anachambua ndagala. Kaka alisimama mlangoni mwa ua, amekonda, viatu vikubwa miguuni.

"Hodi," alisema. "Mubichi amefika."

Mama hakuinuka. Mikono yake tu ndiyo iliacha kazi.

"Nani alikuita?"

"Weye. Kwa redio."

Akaketi chini, akatueleza kwamba alingoja mkataba uishe ndipo ashuke. Kule kambini kulikuwa na redio juu ya mti, na Jumapili walikuwa wanakula maharagwe chini yake wakati sauti ilipotoka: mubichi ni weye. Sahani ilimdondoka. Wenzake walicheka mpaka wakalia, naye akawaambia, yule ni mama yangu.

"Nilisikia unamutukana muzungu," alisema, "nikajua uko muzima, na nguvu yako yote. Kama ungeimba nzuri, mama, ningewaza ni mutu mwengine. Ile neno ulishaniambia mi, sasa nasikia unaiambia hata bazungu. Nikasema, basi haikuwa tusi. Ni mudomo yake tu."

Mama alitazama ndagala.

"Lakini juu ya nini ulimutukana?" kaka aliuliza. "Bis, ni kusema imba tena. Kule kambini bazungu wakipenda wimbo, ndiyo banapiga kelele vile."

"Na ya pili?"

"Mara ya pili, mama."

Aliokota ndagala moja, akaiweka kwenye rundo lisilo lake.

"Kumbe alipenda," alisema. Halafu akaniambia nilete unga, na kaka akaambiwa avue viatu hivyo vya askari.

Alisonga ugali mbele yetu. Alipofika mahali pa kugeuza mwiko, sauti ilianza yenyewe, ndogo, imepata kutu: weye wa kupanda kule milimani, shuka, ugali inapoa. Kaka aliinamisha kichwa akalia waziwazi, mwanamume mzima mwenye mikono ya mchimba dhahabu. Mimi nililia pia, na sioni sababu ya kuficha.

Wimbo ulipoisha niliinua macho. Ua lote lilikuwa limezungukwa na vichwa vya majirani. Nilimtazama muuza ndagala, nikangoja namba yake. Hakutoa namba. Alijifuta uso kwa mkono wenye magamba ya samaki, akavuta pumzi, akapiga kelele vile alivyosikia siku ile mbele ya ghala:

"Bichi!"

Na wengine wote juu ya ua wakaitikia, "Bichi! Bichi!"

Mama aliwageukia na mwiko mkononi. Nilidhani tutatukanwa sote. Alikaza kikwembe kiunoni, akamsogezea kaka sahani, akauanza tena ule wimbo wa kumwita ashuke, na kaka alikuwa ameshaanza kula.