Sumu ya Mkamwana

Mfamasia wa hospitali ile manesi walimpachika jina la Mama Subirini, na si kwa mapenzi. Akiitilia shaka dawa, alisimama kando ya kitanda na kusema "subirini" mpaka watu waache kuitoa. Madaktari hawakutaka kumwona. Manesi walimsonya waziwazi.

Lakini hakuna aliyemchukia kama mama mkwe wake. Miaka kumi na tisa bibi huyo alimtangazia kila mwenye masikio kwamba mkamwana alimlisha sumu: alikula kwake mchana, jioni akavimba uso na koo, nusura afe. Mfamasia alishachoka kukana.

Sasa bibi kalazwa na nimonia, na nesi keshavuta penisilini kwenye sindano.

"Subirini," mfamasia akasema. "Mama, kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru?"

"Kilichonidhuru ni chakula chako! Nesi, nichome. Huyu anataka nife."

"Siku ile ulipovimba, ulikuwa umemeza dawa gani?"

"Nilimeza ulichonilisha!"

Nesi akabinua mdomo. "Dada, mgonjwa mwenyewe kasema si dawa, faili halina kitu, daktari kaandika. Unataka nini tena?" Akaanza kumpangusa bibi kwa pamba.

Mfamasia alipandwa na hasira. Kizee hiki, aliwaza, kitakubali kufa mbele yangu ili mradi kinikomoe! Akasema, meno kayauma:

"Sawa. Nilikulisha sumu."

"Heee!" Bibi akainuka kwenye mto. "Nesi, umemsikia? Kakiri!"

"Nimekiri. Sasa niambie, asubuhi ya siku ile ulimeza nini?"

"Vidonge vya koo tu, vile vya nusu nyekundu, nusu njano. Usivisingizie!" Bibi alicheka kwa raha zake zote.

Hiyo ni amoksilini, jamaa moja na penisilini: iliyomvimbisha siku ile ingeweza kumuua leo. Nesi aliiweka sindano chini. Mfamasia akaandika kwenye faili kwa wino mwekundu, na daktari akabadilisha dawa huku akinung'unika.

Siku ya tatu homa ikashuka. Bibi akapata nguvu za kumsimulia kila mgeni jinsi mkamwana alivyokiri, shahidi wake nesi.

Jioni mume wa mfamasia akaja kwenye dirisha la dawa. "Mama anasema umekiri."

Mkewe akamweleza yote: sindano, vidonge, faili. Mume alisikiliza mpaka mwisho, macho sakafuni.

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini niambie ukweli, mke wangu. Siku ile ulitia kitu?"

Mfamasia akalifunga dirisha, foleni ya wagonjwa ikitazama.