Ufa kati ya vali mbili

"Wenye magari, mafundi na wananchi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, tarehe 8 Julai 1996, ni marufuku kwa gari lolote linalotoa mvuke kusimama mbele ya ofisi hii, kwa kuwa mvuke huo unababua rangi mpya ya ukuta. Atakayekaidi atachukuliwa hatua."

Tangazo hilo limepigwa chapa, likagongwa mihuri miwili na kubandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata mjini Bariadi. Ukuta unaolindwa umepakwa rangi upande mmoja tu, ule unaoelekea barabarani.

Saa mbili asubuhi, fundi Jilala Mwandu anasimama mbele ya tangazo, mikono nyuma, analisoma hadi mwisho, kisha analirudia. Halafu anarudi kwenye pikapu ya Kijapani inayofuka hatua chache kutoka hapo, anaitegea bega na kuisukuma mpaka mbele ya duka la mashudu. Huko ukuta haujawahi kupakwa rangi.

"Vizuri," anamwambia mwenye pikapu. "Sasa tunaweza kuungua kwa mujibu wa sheria."

Mwenye pikapu ni Novatus, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Dutwa. Anataka kujua jambo moja tu: lini ataondoka. Jilala naye anataka kujua jambo moja.

"Taa gani iliwaka kwanza?"

"Zote."

"Haziwaki zote kwa pamoja. Moja ilitangulia."

Novatus anakuna shingo. "Ile yenye kibetri."

"Halafu?"

"Mshale wa joto ukapanda. Halafu ikawaka ile yenye kibirika."

"Ukasimama?"

"Nilikuwa na abiria, mzee wangu. Ukisimama na watu wa Dutwa njiani, wanadai nauli yao irudi."

Jilala hafungui rejeta. Anaweka kiganja cha kushoto kwenye mpira wa juu, kisha kwenye mpira wa chini. Mkono huo una ngozi ya rangi ya waridi kuanzia kiwiko hadi vidoleni, kumbukumbu ya rejeta aliyoifungua kwa haraka mwaka 1981. Anasema ngozi hiyo ndiyo kipimo chake, kwa kuwa inasikia joto kabla ya ngozi nyingine. Anabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Mkanda unabonyea kama kamba ya kuanikia nguo, na upande wake wa ndani unang'aa.

Mkanda huo mmoja, anaeleza, ndio unaozungusha jenereta na pampu ya maji. Ukilegea, chaji inakatika na maji hayatembei. Ndiyo maana taa ya betri ilitangulia na joto likafuata. Kibirika kiliwaka mwisho kwa sababu mafuta ya injini yalikwisha kuwa mepesi kama maji kwa joto.

"Taa ya kwanza ndiyo shahidi," anasema. "Zinazofuata zimekuja kulia msibani."

Novatus anauliza bei ya mkanda mpya. Anatajiwa. Anatazama barabara ya Dutwa kwa muda.

"Na kuziondoa hizo balbu?"

"Mia tano."

"Basi ondoa balbu, mzee."

Jilala analala chali chini ya dashibodi, anachomoa balbu mbili na kumwekea mteja mkononi. "Hizi ni zako. Injini ikianza kugonga, zitazame."

Katika kila magari kumi yanayoletwa kwake kwa ajili ya taa, saba huondoka taa ikiwa imezimwa na ugonjwa ukiwa palepale. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe, na haitoi kwa kulalamika. Siku njema humpatia shilingi elfu mbili, na siku njema si nyingi.

Hakuanzia kwenye balbu. Kwa miaka kumi na saba alikuwa fundi katika karakana ya chama kikuu cha ushirika, mahali palipokuwa na shimo la kuingilia chini ya malori, winchi ya kunyanyulia injini, na ubao uliochorwa kivuli cha kila spana ili ionekane ipi haijarudishwa. Wakati huo, anasema, gari lililochemka lilisimamishwa hadi chanzo kijulikane, hata kama pamba ilikuwa inalowa mvua kule Bukundi ikisubiri kubebwa. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa kampuni binafsi, na mwaka uliofuata karakana ikafungwa. Wafanyakazi walipewa mkono wa kwaheri kwa namna ambayo chama kiliweza. Jilala hakupewa fedha. Alipewa Landrova ya mwaka 1974, pamoja na barua iliyoliita "gari bovu linalotembea".

"Barua ilisema kweli," anasema. "Lilikuwa bovu, na lilitembea."

Alilitembeza mwaka mzima. Alibeba mahindi, mabati, wagonjwa na maharusi, na msimu uliopita alibeba pamba kutoka vijijini hadi kwenye vituo vya kampuni moja ya ununuzi. Kazi hiyo ndiyo iliyoendesha nyumba yake: mkewe Martha, watoto watano, na mama mkwe ambaye haoni.

Mwezi Mei mwaka huu, akitoka Ipililo na magunia tisa na abiria wanane, taa ya chaji iliwaka. Jilala alisimama kabla mshale haujamaliza kupanda. Mkanda ulikuwa umekatika. Alifungua boneti, akazungusha kifuniko cha rejeta kwa gunia, nusu kwanza, akangoja mvuke upungue, kisha akakiondoa kabisa ili injini ipumue. Maji karibu yote yalikuwa yameruka. Aliwaambia abiria, "Limechoka. Liacheni lipumzike," akaenda kwenye kaya iliyokuwa karibu kuomba ukanda wa ngozi ya ng'ombe, autumie badala ya mkanda hadi afike mjini.

Alikuwa anarudi na ngozi begani aliposikia mlio, mkavu, kama kuni inayovunjwa gotini.

Abiria walikuwa watu wa mifugo. Walikuwa wameketi mbele ya kitu kinachohema, kinachotoa mvuke mdomoni, kilichowabeba wao na magunia yao tangu alfajiri. Ng'ombe wa jembe akifikia hali hiyo haachwi. Anamwagiwa maji mgongoni na kunyweshwa. Mama mmoja mzee, hapa ataitwa Nyanjige, aliwaongoza wanawake wenzake hadi kwenye lambo, mwendo wa nusu saa kwenda na kurudi. Ndoo ya kwanza waliimwaga juu ya injini. Ya pili waliitia katika rejeta.

Jina lake si Nyanjige. Jilala ndiye aliyeomba libadilishwe.

"Kosa ni langu," anasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anaacha kufuta mikono. "Mimi ndiye niliyeacha kifuniko wazi. Mimi ndiye niliyesema limechoka. Nilikuwa nazungumza na wafugaji, nikategemea wanielewe kama mafundi."

Gari liliendelea kutembea kwa wiki mbili, likinywa maji bila kuvuja popote. Moshi ukawa mweupe. Mafuta ya injini yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Jilala alifuata utaratibu aliofundishwa: akabadilisha mipira ya rejeta, akazibua rejeta, akafungua pampu ya maji, akakata gasketi mpya. Kila alipoondoa sababu moja, alisogea karibu na ile aliyokuwa akiiogopa. Mwishowe akafungua silinda hedi, kile kifuniko kizito cha chuma kinachoketi juu ya injini. Akaipaka mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, akaipaka unga wa chaki. Baada ya dakika chache mafuta yakachungulia kupitia kwenye chaki na kuchora mstari mwembamba mweusi, kati ya vali ya tatu na ya nne.

Mchomeleaji alijaribu kuuziba. Ufa ukasogea mbele kwa urefu wa ukucha.

Maduka ya vipuri ya Mwanza yamejaa siku hizi, na Jilala ameyazunguka kwa siku mbili. Zamani fedha ilikuwapo na vipuri havikuwapo. Sasa vipuri vipo, na ni vya magari ya watu wengine. Hedi ya Landrova ya mwaka 1974 aliipata katika duka moja tu, kwa bei inayozidi thamani ya gari lenyewe.

Kuna nyingine. Imo Bariadi, ndani ya stoo ya karakana ya zamani, kwenye sanduku la mbao ambalo halijafunguliwa, imefungwa kwa karatasi ya nta. Jilala anajua kwa sababu yeye ndiye aliyeipokea mwaka 1991 na kuweka sahihi. Lakini stoo imetiwa lakiri tangu mwaka jana, ikisubiri uhakiki wa mali, na uhakiki una kamati.

Kampuni ya pamba imempa hadi Jumamosi, tarehe 20 Julai. Baada ya hapo njia ya Ipililo itapewa mwenye lori, na msimu haurudi hadi mwakani.

Wapo wasiosubiri Jumamosi. Constantine, mfua sufuria wa sokoni, hufika kila baada ya siku mbili. Bodi ya Landrova ni alumini, na alumini ikiyeyushwa ni sufuria. Leo amekuja na kamba ya kupimia, na anaizungusha kwenye mlango wa dereva bila kuomba ruhusa.

"Mzee Jilala, mlango huu pekee una sufuria tano za wali."

"Toa kamba yako."

"Nakusaidia kupiga hesabu tu. Boneti ni sufuria za harusi. Wewe utabaki na injini, si ndiyo unayoipenda?"

"Constantine."

"Naam, mzee."

"Hilo tairi unaloegemea halina breki nyuma yake."

Constantine anaruka. Watu wa duka la mashudu wanacheka hadi wanashika kuta. Jilala peke yake hacheki. Anakwenda kuufunga mlango aliouacha mfua sufuria wazi, taratibu, akiusindikiza kwa mkono hadi ushike.

Jumatano mchana Nyanjige anashuka kwenye basi na kibuyu cha maziwa ya mgando. Hii ni mara yake ya tatu. Anachuchumaa kando ya gurudumu la mbele, mahali ambapo mtu huchuchumaa anapomtazama mgonjwa.

"Mwadila, baba," anaamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Kwema Ipililo?"

"Kwema. Huyu bado anaumwa?"

"Bado."

Anaugusa ukingo wa boneti kwa ncha za vidole. "Siku ile tulimwahi. Tungekaa tu kumtazama, angefia njiani."

Jilala anapokea kibuyu kwa mikono miwili. "Mlifanya kazi kubwa, mayu. Lile lambo liko mbali."

"Mbali kweli," anasema Nyanjige, na uso wake unafunguka. "Mgongo uliniuma siku nne."

Hakuna aliyemwambia kwamba maji yale ya baridi ndiyo yaliyopasua chuma cha moto. Martha alitaka kumwambia mwezi uliopita, baada ya kuuza mbuzi wa mwisho, lakini mumewe alimkataza. "Akijua, gari litapona?" alimuuliza. Hadi leo Martha anasema bado anaona kwamba mtu anapaswa kujua alichokifanya.

Barua za Jilala kwa kamati ni tatu. Katika ya kwanza aliomba kuinunua hedi kidogo kidogo. Katika ya pili aliomba kukopeshwa hadi mwisho wa msimu. Katika ya tatu alijitolea kuyafanyia matengenezo magari yote ya kamati kwa mwaka mzima bila malipo. Alijibiwa kwamba kamati haina gari.

Alhamisi asubuhi anakwenda mwenyewe, kavaa koti. Katibu wa kamati, Sylvester, anamkaribisha kiti. Waliwahi kufanya kazi pamoja. Mmoja gereji, mwingine masijala.

"Mzee Jilala, mimi nakuelewa kabisa."

"Nashukuru. Basi nipe."

"Kukuelewa si kibali."

"Kile chuma hakina gari jingine Bariadi nzima litakalokivaa, Sylvester. Mkikihakiki mkamaliza, mtamuuzia nani?"

"Hilo ni swali la baada ya uhakiki."

"Na uhakiki ni lini?"

Sylvester anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika. "Kamati inakaa leo saa nane. Ombi lako ni ajenda ya pili. Nimelisukuma mwenyewe, ilikuwa ya tisa."

Jilala anarudi kusubiri kando ya Landrova. Amekwisha kuuandaa uso wa injini: ameukwangua, ameusugua kwa jiwe, ameufunika kwa kanga ya Martha vumbi lisiingie. Gasketi iko tayari. Boliti amezipanga juu ya ubao kwa mpangilio wa kuzikaza, kuanzia katikati kwenda nje. Ngozi ya ng'ombe aliyopewa njiani ameitupa. Kwenye pampu sasa kuna mkanda wa kweli, wa dukani, alionunua kabla hajajua habari ya ufa.

"Kazi ni ya saa nne," anasema. "Wakinipa leo jioni, kesho mchana linawaka. Jumamosi asubuhi niko Ipililo kabla ya hilo lori. Sina mpango mwingine. Nimeutafuta, sina."

Uamuzi ulitoka saa kumi na moja jioni, kwa maandishi. Kamati ilitambua kwamba silinda hedi iliyotajwa ipo stoo, ni nzima, na inalifaa gari la mwombaji. Ilitambua pia kwamba hakuna mali inayoweza kutolewa kabla ya uhakiki, na kwamba mhakiki, aliye Shinyanga, atafika mara atakapopata usafiri. Kwa kuzingatia hayo, na baada ya kuarifiwa kwamba mchwa wameonekana sakafuni, Kamati iliamua kwa kauli moja kwamba sanduku lenye hedi hiyo linyanyuliwe na kuwekwa juu ya matofali manne. Nakala ilipelekwa kwa fundi Jilala Mwandu, kwa taarifa.